Gauni la kroshia la mtoto mchanga: anza na uzi

Gauni la kwanza nililomfumia mtoto wa wifi yangu halikukaa mwilini hata nusu saa. Ilikuwa siku ya arobaini yake, Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, mwezi wa kumi, lile joto zito linalotangulia mvua. Nilikuwa nimelifuma kwa uzi wa sweta, ule mnene, kwa sababu ndio niliokuta dukani na kwa sababu mnene huisha upesi. Mtoto alilia mpaka bibi yake akamvua. Shingo nzima ilikuwa imeota vipele vya joto. Bibi hakunigombeza. Alilikunja gauni vizuri, akanirudishia mkononi: "Hili la Kasulu, mwanangu. Siyo la huku ziwani."

Alikuwa amesema kweli. Tangu siku hiyo mtu akiniletea oda sianzi kumuuliza rangi. Namuuliza mtoto yuko wapi na atalivaa mwezi gani.

Kigoma mjini, Ujiji na vijiji vya mwambao joto lake lina unyevu, jasho halikauki. Huko gauni linatakiwa liwe la pamba, jembamba, lenye matundu madogo ya kupitisha hewa. Tabora ni juu zaidi, kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni kavu. Mchana wa mwezi wa tisa na wa kumi jua linachoma, lakini usiku wa mwezi wa sita na wa saba baridi inashika, na mtoto anahitaji kitu cha kumfunika kifua. Kasulu na Manyovu ni milimani, huko uzi wa sweta una kazi yake. Kwa hiyo ukiona picha ya gauni zuri mtandaoni, usikimbilie kununua uzi ule ule. Aliyelifuma pengine ana theluji dirishani.

Kuutambua uzi uliopo dukani

Unene wa uzi hupangwa kwa namba kuanzia 0 hadi 7, na namba hiyo huchapwa kwenye lebo ndani ya kipicha kidogo cha donge la uzi. Sifuri ni uzi wa lesi, mwembamba sana. Namba 1 na 2 ni nyembamba za kufumia nguo za watoto na soksi. Namba 3 ni mwepesi wa kati. Namba 4 ndio ule wa masweta. Kuanzia 5 kwenda juu ni wa mablanketi na mazulia, achana nao kabisa kwa kazi hii.

Lebo za Uingereza na Australia zinahesabu kwa plai. Plai 4 inakaribiana na namba 1, plai 8 inakaribiana na namba 3. Usihangaike kuufumua uzi uhesabu nyuzi zilizosokotwa ndani yake. Plai kwenye lebo hizo ni jina la unene tu, na uzi wa plai 8 unaweza ukawa na nyuzi nne.

Nyuzi za pamba za kufumia vitambaa vya makochi zina hesabu yake nyingine, nayo imegeuzwa. Kuna namba 10, namba 20, namba 30 na kuendelea, na kadiri namba inavyopanda ndivyo uzi unavyokuwa mwembamba. Namba 10 hutoa gauni la ubatizo la kupendeza mno, ila andaa wiki kadhaa na macho mazima.

Shida ya huku kwetu ni kwamba madonge mengi sokoni hayana lebo, au lebo ilishachanika. Chukua penseli na rula. Zungushia uzi kwenye penseli, mizunguko ikae kandokando bila kupandana na bila kuvutwa, halafu hesabu imeingia mingapi ndani ya sentimita 2.5. Mizunguko 14 au zaidi, uzi ni mwembamba, uhesabu kuwa namba 1. Kama 12, ni namba 2. Kama 11, ni namba 3. Ikiwa 9 au 10, umeshika uzi wa sweta. Mimi hutembea na kipande cha penseli kwenye pochi, na wauza uzi wa soko la Mwanga wameshazoea kuniona nafanya vituko hivyo.

Baada ya unene, jua uzi ni wa nini. Muuzaji atakwambia "pamba hii, dada" kuhusu kila kitu. Omba kipande cha kidole kimoja, kakiwashe nje na kiberiti, ukikishika kwa kibanio. Pamba huungua kama karatasi, hutoa harufu ya karatasi, na huacha jivu laini la kijivu. Akriliki huyeyuka, hutoa moshi mkali na kuacha kijidonge cheusi kigumu. Sufu ya kondoo hunuka nywele zilizoungua na moto wake huzimika wenyewe. Uzi wa mchanganyiko hufanya yote mawili, jivu kidogo na kijidonge kidogo.

Akriliki si mbaya. Ni rahisi, rangi zake hazichuji, na hukauka upesi. Tatizo lake hainywi jasho. Kwa mtoto wa ziwani nunua pamba, au mchanganyiko ambao pamba ndiyo nyingi. Kwa gauni la Tabora la kipupwe, akriliki laini ya namba 3 inatosha, ila mvalishe fulana ya pamba ndani. Sufu hata usiiguse kwa mtoto mchanga. Inawasha.

Utakuta pamba za aina mbili: iliyofifia na inayong'aa. Inayong'aa imepitishwa kwenye kostiki soda, ile ile wanayopikia sabuni ya mawese. Mwingereza John Mercer ndiye aliyegundua mwaka 1844 kwamba pamba ikilowekwa humo inapata nguvu na kushika rangi vizuri zaidi. Kung'aa kulikuja baadaye, walipojifunza kuuvuta uzi usinywee wakati wa kuuloweka. Ya kung'aa inafaa kwa gauni la sherehe, maana ua la kroshia linaonekana wazi. Iliyofifia ni laini zaidi mwilini na inanyonya jasho vizuri, hiyo ndiyo ya kuvaa kila siku.

Kabla hujalipa, usugue uzi chini ya kidevu au ndani ya kiwiko. Vidole vya fundi vimekomaa, havisikii kitu. Na nunua wote siku moja. Kwa uzi wa namba 3, gauni la mtoto wa miezi 3 hadi 6 humaliza takriban gramu 150, kwa hiyo chukua 200. Angalia namba ya mkupuo wa rangi (madonge yaliyotiwa rangi pamoja) kwenye lebo zifanane. Niliwahi kupungukiwa donge moja la rangi ya krimu, nikaagiza lingine likaja na basi kutoka Dar, krimu hiyo hiyo kwa jina. Kwenye jua pindo likaonekana kama limelowekwa chai.

Sindano

Kwa namba 1 tumia sindano ya milimita 2.5 hadi 3. Namba 2, milimita 3.5. Namba 3, milimita 4 au 4.5. Ile pamba ya vitambaa namba 10 inataka sindano ya chuma ya milimita 1.5 hivi. Wengi wetu tulijifunzia sindano za spoku ya baiskeli. Spoku ya kawaida ina milimita 2, kwa hiyo ukifumia uzi wa namba 3 kitambaa kinakuwa kigumu kama mkeka, kinasimama chenyewe. Gauni la mtoto linatakiwa lianguke. Ukilishika begani na sketi ikabaki imetuna bila kulegea, ongeza ukubwa wa sindano.

Majina ya mishono

Tuelewane kwanza, maana kila fundi ana majina yake. Cheni kila mtu anaijua: chota uzi, uvute upite kwenye kitanzi kilichopo sindanoni. Mshono wa kufungia: ingiza sindano, vuta uzi upite kote kwa mara moja. Mshono mfupi: ingiza sindano, vuta uzi, ubaki na vitanzi viwili, chota uzi upitishe kwenye vyote. Nguzo: zungushia uzi kwenye sindano mara moja kabla ya kuingiza, vuta, unakuwa na vitanzi vitatu, chota upitishe viwili, chota tena upitishe viwili.

Ukisoma maelezo ya mtandaoni, angalia kama ni ya Marekani au ya Uingereza. Herufi dc kwa Wamarekani ni nguzo. Kwa Waingereza dc ni mshono mfupi, na nguzo wao huiandika tr. Nimeona gauni zima likitoka nusu ya urefu kwa kosa hilo, na fundi wake akamlaumu shetani.

Kipande cha majaribio

Najua utataka kuruka hapa. Usiruke. Funga cheni 24, fuma nguzo kwa mistari 12, kioshe, kikauke kimelala, ndipo ukipime. Ukioshe kweli, kwa sababu pamba hubadilika ikilowa. Hesabu nguzo ngapi zimeingia kwenye sentimita 10 za katikati, usipime pembeni.

Gauni ninaloeleza hapa limepigiwa hesabu ya nguzo 16 kwenye sentimita 10, na mistari 8 hadi 9 kwenda juu. Ukipata 18, mkono wako unabana, ongeza sindano. Ukipata 14, ipunguze.

Sababu yake ni hii: mtoto wa miezi 6 ana kifua cha karibu sentimita 43. Ongeza 5 za kupumulia, unapata 48. Kwa nguzo 16 kwa kila sentimita 10, kifua kinahitaji nguzo 77, tunaweka 78. Fundi mwenye mkono wa nguzo 20 akifuma hizo hizo 78 atapata sentimita 39, gauni la mtoto ambaye hajazaliwa.

Kichwa cha mtoto huyo nacho kina karibu sentimita 43, shingo ni ndogo sana kuliko hapo. Ndiyo maana gauni la mtoto mchanga lazima liwe na mpasuo mgongoni. Usijaribu kulivutia kichwani.

Kifua

Tunaanza shingoni tunashuka, kwa kwenda na kurudi, mpasuo ukiwa nyuma.

Funga cheni 50, bila kubana. Fuma nguzo kwenye cheni ya nne kutoka sindanoni, kisha moja katika kila cheni hadi mwisho. Zile cheni tatu ulizoruka zinahesabiwa nguzo, jumla 48. Shingo itakuwa sentimita 30.

Mstari wa pili ndio unaogawa mwili. Kila mstari unaanza kwa cheni 3 zinazohesabiwa nguzo ya kwanza. Fuma nguzo 7 za mgongo, kisha kona: nguzo 1, cheni 1, nguzo 1, zote ndani ya mshono mmoja. Nguzo 7 za bega, kona. Nguzo 16 za mbele, kona. Nguzo 7 za bega la pili, kona. Nguzo 7 za mgongo. Hesabu: mgongo 8, bega 9, mbele 18, bega 9, mgongo 8. Ni 52, na nafasi nne za cheni kwenye kona.

Kuanzia mstari wa tatu hadi wa nane ni mwendo mmoja: nguzo juu ya kila nguzo, na kwenye kila nafasi ya kona nguzo 1, cheni 1, nguzo 1. Kila mstari unaongezeka nguzo 8. Ukimaliza wa nane uwe na mgongo 14, bega 21, mbele 30, bega 21, mgongo 14, jumla 100. Hesabu kila mstari. Kona moja ikisahaulika mstari wa nne utaigundua wa nane, na treni ya kutoka Tabora itakuwa imeshafika Uvinza unafumua.

Mstari wa tisa unatoa mikono. Nguzo 14 za mgongo, cheni 10 za kwapani, ruka zile 21 za bega pamoja na nafasi za kona zake, nguzo 30 za mbele, cheni 10, ruka 21, nguzo 14. Mstari wa kumi weka nguzo katika kila mshono na kila cheni, upate 78. Mwishoni usigeuze. Funga kwa mshono wa kufungia kwenye nguzo ya kwanza, gauni liwe duara.

Sketi

Sketi ni ya herufi V. V moja ni nguzo 1, cheni 1, nguzo 1 ndani ya mshono mmoja. Fuma V, ruka mshono mmoja, fuma V, mpaka uzunguke. Kwa V ya kwanza ya kila mzunguko, cheni 4 zinasimama badala ya nguzo na cheni yake. Zitatoka V 39. Mizunguko inayofuata, sogea kwa mshono wa kufungia mpaka katikati ya V, na kila V ifumwe ndani ya V ya chini yake. Fanya mizunguko 12.

Halafu panua: badala ya V weka feni ya nguzo 2, cheni 1, nguzo 2 ndani ya kila V. Mizunguko 7. Hapo sketi ndiyo inaanza kuchezacheza. Pindo nalimaliza kwa makombe: nguzo 6 katikati ya kila feni, mshono mfupi kati ya feni na feni. Urefu wote utakaribia sentimita 36. Wa Tabora wakipenda refu la kufunika miguu, ongeza mizunguko ya feni, na uzi uongeze pia.

Ukitaka la ziwani kwa uzi wa namba 1 na sindano ya milimita 3, mkono wa kawaida hutoa nguzo 22 kwenye sentimita 10. Umbo ni lile lile, hesabu ndiyo inabadilika. Anza na nguzo 66. Mstari wa pili gawa mgongo 10, bega 10, mbele 22, bega 10, mgongo 10, na kona nne katikati yake. Shuka mpaka mstari wa 11, upate mgongo 20, bega 30, mbele 42. Kwapani weka cheni 12. Kifua kitakuwa 106 na sketi itakuwa na V 53. Mizunguko ya sketi itakuwa mingi zaidi, fuma mpaka urefu ufike. Hili ndilo nililomfumia tena yule mtoto wa wifi, rangi ya maji ya ndizi.

Kumalizia

Zungusha mshono mfupi shingoni, kwenye mikono na kwenye mpasuo. Upande mmoja wa mpasuo acha vitanzi vitatu vya cheni 3 au 4, upande wa pili shona vifungo bapa. Vishone kwa uzi imara wa cherehani, mara nyingi, kisha vivute kwa nguvu zako zote. Kifungo kikitoka mkononi mwako kitatoka mdomoni mwa mtoto. Shanga usiweke. Utepe wa shingoni usiweke. Utepe wa kiunoni pitisha kwenye V za mzunguko wa kwanza, uwe mfupi, na ushone katikati ya mgongo usichomoke.

Ncha za uzi acha sentimita 15, uzifiche kwa sindano ya kushonea kwenda upande mmoja na kurudi, hasa akriliki maana inateleza. Halafu geuza gauni, pitisha vidole ndani yote. Uzi unaoning'inia kwa ndani unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu wa mtoto ukakibana na mama asijue analia nini.

Wanga ni wa vitambaa vya makochi. Kuna akina mama wanaopenda gauni lisimame, wanalipiga wanga wa muhogo. Likikauka linakwaruza ngozi kama jani la muwa.

Kufua

Kabla ya kulivaa mara ya kwanza lifue, rangi ya ziada na vumbi la dukani vitoke. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni laini, ukiliminya bila kulikamua kwa kulisokota. Litandaze kwenye taulo juu ya mkeka, kivulini, ulivute likae umbo lake. Ukilianika kwenye kamba likiwa limelowa, uzito wa maji utalirefusha na mabega yatashuka. La akriliki lisikutane na pasi ya mkaa. Linalegea papo hapo na halirudi.

Mafuta ya mise, yale ya kokwa za michikichi, tunayowapaka watoto huacha kola ya njano shingoni. Paka sabuni ya kuoshea vyombo, subiri robo saa, ndipo ufue. Mawese yanatisha zaidi kwa macho kuliko yalivyo: toa mafuta kwanza kwa sabuni, kisha anika lile doa juani, hata kama nguo nyingine unakausha kivulini. Rangi ile ya machungwa jua huila. Gauni jeupe huwa linahitaji siku moja au mbili. La rangi lianike kwa saa chache tu ukilichungulia, maana jua likimaliza doa linaanza kula na uzi wako.